Mwanamke, Mlinzi wa Lugha

Sisi walimu twapenda kuamini kwamba lugha hulindwa na shule, kamusi na vitabu vya sarufi. Hapa Rwanda twafunzwa vingine. Kabla ya Kinyarwanda kuandikwa, kilikuwa kimekwisha kupata hifadhi imara, nayo ni kinywa cha mwanamke.

Mapokeo yasimulia kwamba Nyirarumaga, aliyeshika cheo cha mama wa mfalme enzi za Ruganzu Ndoli, ndiye aliyeupa utanzu wa ibisigo, yaani mashairi ya kifalme, umbo na taratibu zake. Hayo yalikuwa ya ikulu. Majumbani, kina mama na kina bibi ndio aghalabu waliowakusanya watoto jioni kando ya moto, wakawatambia hadithi na kuwategea vitendawili. Bibi husema, "Sakwe sakwe!" nao watoto hujibu, "Soma!" kama vile mtoto wa pwani aambiwapo "Kitendawili!" akaitikia "Tega!"

Hata ugenini kazi hiyo haikukoma. Cécile Kayirebwa, mwimbaji mzaliwa wa Kigali, alihamia Ubelgiji mwaka 1973. Huko aliendelea kuimba kwa Kinyarwanda, na Wanyarwanda waliotawanyika nchi za mbali wakaisikia lugha ya wazee wao katika nyimbo zake.

Mwaka mmoja tuliwataka wanafunzi wetu wa Kiswahili, hapa Kigali, walete vitendawili vya kwao ili tuvifasiri pamoja. Waliovileta, karibu wote walivipata kwa bibi zao. Wachache walikuja mikono mitupu: bibi zao waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Kwa kila bibi aliyeuawa, darasa moja lilifungwa.

Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda, nasi tulifurahi mno. Lakini mgeni mwema hamfukuzi mwenyeji wake. Yatupasa, basi, ndugu walimu, tuanzie pale bibi alipoanzia: wanafunzi watege kwa Kinyarwanda, wategue kwa Kiswahili, na waliokosa bibi wapokee kwa wenzao. Katika darasa letu, mmoja wa wale waliokuja mikono mitupu aliondoka na vitendawili vitatu daftarini. Alituambia kwamba atamtegea mdogo wake jioni ile ile.