Ukuta wa Cooper's Hill

Treni ya kutoka Waterloo ilitushusha Egham kabla ya adhuhuri. Baba akakataa teksi. Alitaka kuupanda mlima kwa miguu, na bakora yake mkononi. Alikuwa amekuja kutoka Mombasa kunitembelea, na katika Uingereza yote alichoomba kuonyeshwa ni mahali panapokumbukwa wanaanga wa Vita vya Pili vya Dunia wasio na makaburi. Kwetu aliwahi kusimama mbele ya ukuta wa namna hiyo, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, wanakotajwa askari wa Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail Februari 1944. Sasa alitaka kuona Waingereza wamewawekea nini watoto wao wenyewe.

Wamewawekea kitu cha heshima, hilo halina ubishi. Jengo hilo la kumbukumbu, la Runnymede, lilizinduliwa na Malkia Elizabeth II Oktoba 1953, juu ya Cooper's Hill, na bonde la mto Thames limelala chini yake. Majina yanapita 20,000. Yamechongwa kwenye kingo za mawe za madirisha membamba, mwaka kwa mwaka, cheo kwa cheo. Juu yetu ndege za Heathrow hazikukoma kupita.

Tulikawia zaidi kwenye 1943 na 1944.

"Mbona wengi hivi ni masajenti?" Baba akauliza.

Nikamweleza kwamba tangu 1940 kijana aliyefuzu kuruka vitani hakupewa cheo kilicho chini ya sajenti. Mpiga bunduki wa mkiani mwenye miaka 19 naye alikuwa sajenti. Ukuta hautaji umri, na hapo, kwa maoni yangu, unapotosha kidogo: ukisoma cheo unamwaza mtu mzima mwenye masharubu, kumbe ni mtoto aliyetoka shule juzi.

Baba akachagua jina moja la 1944, akaniuliza huyu alipoteaje. Sikuwa na habari zake, ila nilijua habari za wenzake. Ndege ya mabomu aina ya Lancaster ilibeba watu saba: rubani, fundi wa injini, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio na wapiga bunduki wawili. Usiku wa Machi 30, 1944 zilitumwa ndege 795 kwenda Nuremberg, 95 hazikurudi. Katika vita nzima, kati ya wanaanga kama 125,000 wa vikosi vya mabomu vya Uingereza, walikufa 55,573. Nami sikumficha ya upande wa pili: mabomu hayo yaliua raia kwa makumi ya maelfu, na Hamburg, Julai 1943, ni mfano tu.

"Nyumbani waliambiwaje?"

"Kwa simu ya maandishi. Mwanao hajulikani alipo. Kisha wakingoja miezi sita hivi bila habari, serikali inamhesabu amekufa."

"Sasa mama wa watu anakaa matanga siku gani? Ile ya simu, au ile ya miezi sita?"

Sikuwa na jibu. Sisi Waislamu tunayo sala ya ghaibu, ya kumsalia maiti asiyekuwapo, lakini hiyo nayo inataka kwanza uwe na yakini kwamba mtu amekufa.

Tulipoketi kwenye ngazi kupumzika nikamsimulia ya Uholanzi. Mwaka 2020, kutoka ziwa la Markermeer, yaliopolewa mabaki ya ndege aina ya Stirling, namba BK716, iliyopotea Machi 1943 ikirudi kutoka Berlin na watu saba ndani. Serikali ya huko ina mpango maalumu wa kutoa ndege za vita ambamo huenda bado mna miili. Mwanaanga akitambuliwa na kuzikwa, hupata kaburi lenye jina lake, na jina hilo halina tena sababu ya kuwa Runnymede. Ndiyo maana naupenda ukuta huu kuliko minara mingine ya vita: umejengwa kwa mawe, lakini kazi yake ni kupungukiwa.

Baba alifikiri kidogo. "Na walioangukia baharini, kule kwenye kina?"

"Hao watabaki hapa, Baba."

"Kama wa Khedive Ismail," akasema, akaitafuta bakora yake, akaniuliza treni ya kurudi ni saa ngapi.