Safari ya Brussels kutafuta kitabu cha Baba Mkubwa

Kaka yake baba yangu, ambaye nyumbani kwetu Kigoma tunamwita Baba Mkubwa, alifundisha shule ya msingi miaka 35, na tangu astaafu hajapata kuniomba kitu. Basi siku aliponiita barazani akasema, "Mwanangu, wewe una simu ya kutafutia mambo. Nitafutie kitabu," nilijua kwamba jambo hilo lilikuwa limemkaa moyoni siku nyingi.

Kitabu chenyewe ni cha watoto, chenye hadithi ya picha. Jina lake kwa Kifaransa ni Tintin au Congo, yaani Tintin huko Kongo. Baba Mkubwa alipewa mwaka 1958 na Bruda mmoja Mbelgiji, kuwa zawadi ya kushinda hesabu darasani. Wakati ule baba yake alikuwa akifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Usumbura, mji uitwao leo Bujumbura, na nchi ile ilikuwa bado chini ya Wabelgiji. Mwaka 1962 jamaa wote walirudi Kigoma kwa mashua. Maji yakaingia sandukuni. Bibi yangu akaanika nguo, akaanika blanketi, na karatasi zilizolowa akazikausha, akawashia moto. Baba Mkubwa alilia siku mbili.

Nikaanza kutafuta. Kumbe wako watu duniani ambao kazi yao ni kuuza vitabu vya katuni vya zamani kwa intaneti, wala si kwa senti. Huko Marekani kitabu kiitwacho Action Comics, toleo la kwanza la mwaka 1938, kiliuzwa kipya kwa senti kumi. Mwaka 2014 nakala moja ya kitabu hicho iliuzwa kwa mnada wa intaneti kwa zaidi ya dola milioni 3 na laki 2. Sababu yake si ngumu kuelewa. Watoto walivisoma vitabu hivyo mpaka vikararuka, mama zao wakavitupa, na wakati wa vita kuu ya pili karatasi nyingi zilikusanywa zitumike upya. Vilivyobaki ni vichache, na kichache ndicho kipiganiwacho. Bibi yangu, bila kujua, alifanya kama mama wengine wote wa dunia.

Tintin au Congo kilitoka mara ya kwanza mwaka 1931, kwa picha nyeusi na nyeupe. Mwaka 1946 kikachorwa upya na kutiwa rangi, na tangu hapo kimechapwa mara nyingi sana. Chapa ya zamani ni ghali, chapa ya juzi ni rahisi, na kwa mbali zote zafanana. Mimi sikuyajua hayo. Nikamwona muuzaji mmoja aliyeandika: "Chapa ya 1946, hali nzuri, Euro 90." Alionyesha picha moja tu, ya jalada la mbele. Fedha hizo nilikuwa nimeziweka kwa mabati ya jiko. Nikalipa, nikalipa na gharama ya posta.

Baada ya wiki sita nikapata kifurushi katika sanduku la posta. Kitabu kilikuwa kizuri mno. Kilinuka gundi mpya. Nikamwandikia muuzaji mara tatu, hakujibu hata neno moja. Nikakificha kitabu chini ya godoro, na Baba Mkubwa aliponiuliza nikasema bado kiko njiani. Ulikuwa uongo, nao uliniuma kuliko zile Euro 90.

Mimi ni fundi wa mitambo ya meli. Mwaka uliofuata nikapelekwa Antwerp, bandari kubwa ya Ubelgiji, kwa mafunzo ya wiki tatu. Nikatia kile kitabu katika begi langu, na Jumamosi ya kwanza nikapanda gari moshi kwenda Brussels, safari isiyotimiza saa moja.

Ukitoka nje ya stesheni ya kusini na kuinua macho, utaona juu ya paa la jumba moja kichwa kikubwa cha kijana mwenye kishungi cha nywele, pamoja na mbwa wake mweupe. Ndio Tintin na Milou. Katikati ya mji, kuta za nyumba zimechorwa picha kubwa za katuni; kazi hiyo ilianza mwaka 1991. Katika njia iitwayo Rue des Sables liko jumba zuri la vioo na chuma lililojengwa na Victor Horta, ambalo mwaka 1906 lilifunguliwa kuwa duka la vitambaa. Tangu 1989 limekuwa makumbusho ya katuni. Wabelgiji hawazionei haya katuni zao. Wanaziweka mahali pa heshima.

Tena, ndugu wasomaji, jueni kwamba Tintin alizaliwa katika gazeti la Kikatoliki. Mjini Brussels kulikuwa na gazeti liitwalo Le Vingtième Siècle, na mkuu wake alikuwa padre, Norbert Wallez. Kila Alhamisi lilitoa kurasa za watoto ziitwazo Le Petit Vingtième. Kurasa hizo alizishika kijana mmoja skauti, Georges Remi, aliyezaliwa mwaka 1907 na kujiita Hergé. Tarehe 10 Januari 1929 picha za kwanza za Tintin zikatoka humo. Kitabu cha kwanza kilipochapwa mwaka 1930, nakala 500 zilitiwa sahihi kwa mkono: Hergé aliandika jina la Tintin, na karani wa padre, binti aliyeolewa na Hergé baadaye, aliandika jina la Milou. Leo nakala moja ya hizo ni mali kubwa.

Baada ya hapo Padre Wallez akamwagiza Hergé ampeleke Tintin Kongo, ili watoto wa Ubelgiji waipende koloni yao. Hergé akachora, naye hakupata kufika Kongo siku zote za maisha yake.

Kutoka mjini nikaenda Ixelles, mtaa wa Matonge. Jina hilo limetoka Kinshasa, na Wakongo wamekaa hapo tangu zamani. Nikaona madukani mihogo, samaki wakavu na vitenge, nikajiona kama niko sokoni kwetu. Karibu na hapo ni shule ya Saint-Boniface, ambako Hergé alisoma alipokuwa kijana. Nilishangaa kuona jinsi shule yake na maduka ya Wakongo yalivyokaribiana.

Nikamsikia mama mmoja akisema Kiswahili katika simu. Nikamwamkia. Alikuwa mtu wa Bukavu, akafurahi sana, akanipa kiti. Nilipomwambia nimekuja kutafuta kitabu gani, akanitazama sana.

"Weye mtoto wa Tanzania," akasema, "utatoa feza yako kwa ile kitabu? Watoto wangu waliletewa ile kitabu ku masomo. Wenzao wakawacheka."

Sikuwa na jibu. Nikamwambia ni kwa ajili ya mzee wangu. Akasema, "Sawa, mzee ni mzee. Lakini umuulize kama amekisoma vizuri." Akanielekeza njia.

Duka la vitabu vya zamani lilikuwa dogo, limejaa makasha mpaka darini. Mwenye duka, mzee wa miwani, alikitwaa kitabu changu, akakigeuza nyuma, akatabasamu kwa huruma.

"Bwana, soma hapa. Jalada la nyuma lina orodha ya vitabu vyote vya Tintin. Unaona jina hili, Tintin et les Picaros? Kilitoka mwaka 1976. Kitabu kilichochapwa 1946 kingewezaje kukijua?"

Nikaona aibu, kwa maana jambo lilikuwa wazi kama mchana. Akanifundisha mengine, nami nawapasheni, kwa kuwa yafaa kwa kitu chochote cha zamani kinunuliwacho kwa simu. Kabla ya kulipa, omba picha ya jalada la nyuma, ya mgongo wa kitabu, na ya ukurasa wenye maneno ya mchapaji. Uliza kama kurasa zote zimo. Jihadhari, kwani ziko nakala za siku hizi zilizochapwa kwa kuiga chapa ya zamani kabisa. Aliyeziiga hakukosa, bali akosaye ni yule aziuzaye kwa jina lisilo lake. Muuzaji akikataa kupiga picha ya pili, mwache. Tena lipa kwa njia ambayo kwayo unaweza kudai fedha yako irudi.

Kisha akanitolea kitabu kingine. Mgongo ulikuwa umepasuka, na orodha ya nyuma iliishia kwenye kitabu cha mwaka 1954. Ndiyo chapa ya miaka ile ya Baba Mkubwa! Bei yake Euro 45 tu, kwa sababu mtoto fulani alikuwa amepaka penseli nyekundu katika kurasa mbili.

"Vitabu vya thamani kuu," akasema yule mzee, "ni vile ambavyo mtoto hakuvigusa."

Nikamwuliza maneno ya yule mama wa Bukavu. Hakukasirika. Akasema kwamba katika chapa ya 1931 Tintin anawafundisha watoto Wakongo kuwa nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946 Hergé akalifuta somo hilo, akaweka hesabu ya kujumlisha. Lakini midomo ile minene na maneno yale ya kijinga hayakufutwa. Mwaka 2007 Mkongo mmoja akaaye Ubelgiji alikishitaki kitabu mahakamani, na mwaka 2012 mahakama ikakataa madai yake.

Akaongeza habari nyingine. Mwaka 1934 Hergé alipotaka kumpeleka Tintin China, padre mmoja aliyewalea wanafunzi Wachina wa Louvain, jina lake Léon Gosset, alimsihi aijue kwanza nchi ile. Akakutanishwa na kijana Mchina aliyekuwa akisoma uchoraji mjini Brussels, Zhang Chongren, wakawa marafiki. Kitabu kilichotoka hapo, Le Lotus bleu, kinawaonyesha Wachina kuwa watu kamili. Mchoro mmoja alioufanya Hergé mwaka 1936 kwa ajili ya jalada lake uliuzwa kwa mnada mjini Paris mwezi Januari 2021, kwa zaidi ya Euro milioni 3, na alama za kukunjwa bado zaonekana.

"Kwa ajili ya Kongo," nikasema, "hakuna aliyemletea rafiki."

"Hakuna," akajibu yule mzee. Nikalipa Euro 45.

Nilipofika Kigoma nilikwenda kwa Baba Mkubwa siku ile ile, na vitabu vyote viwili mkononi. Kwanza niliungama uongo wangu. Akacheka. Kisha akakitwaa kile cha zamani, akakinusa, akakiweka magotini. Akafungua taratibu. Akamcheka mbwa, akamcheka mamba. Alipofika ukurasa wa gari moshi lililoanguka, ambapo watu wazima wanasema kama watoto wachanga na Tintin anawakemea wafanye kazi, akanyamaza. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "nilipokuwa na miaka kumi, nilikisoma kitabu hiki nimeketi garini pamoja na Tintin. Sikupata kufikiri siku hata moja kwamba baba yangu, aliyekuwa akibeba magunia bandarini, ndiye huyu waliyemchora hapa."

Nikamwuliza kama nikitupe.

"La. Nililia siku mbili kwa ajili yake, na Bruda yule alinipenda kweli. Lakini wajukuu wasikisome peke yao."

Kitabu cha zamani kimefungwa kwa kitambaa, kimo sandukuni. Kile cha gundi mpya, cha Euro 90, ndicho wajukuu wanachokishika, na jalada lake limekwisha kulegea. Jumapili baada ya Misa huketi naye barazani. Wakifika kwenye gari moshi, Baba Mkubwa huweka kidole juu ya picha na kuuliza, "Aliyechora hapa, alifika?"

Nao hujibu wote pamoja, "Hakufika!"

"Na babu yenu mkubwa alikuwa akifanya kazi gani?"

"Alikuwa akipakua mizigo bandarini Usumbura!"

"Alikuwa mvivu?"

Hapo hupiga kelele mpaka majirani wakatoka nje.