Wimbo Asiouanzisha Baba

Nilikuwa likizoni nyumbani, milimani juu ya Same, nilipoamshwa alfajiri na vishindo vya miguu. Vijana wa mgambo walikuwa wakikimbia mchakamchaka, mmoja akianzisha, wengine wakiitikia, na kila kiitikio kikiangukia mguu wa kushoto. Baba yangu, mzee aliyepita miaka 70, alitoka na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akasimama kizingitini hata sauti zikapotelea bondeni.

"Baba, nawe uliimba hivyo," nikamwambia. "Niimbie niandike."

"Wewe andika habari," akajibu, akaingia ndani.

Ndugu msomaji, nyimbo hizi zina asili yake. Mwaka 1971, muda mfupi baada ya Idi Amin kutwaa serikali ya Uganda, Mwongozo wa TANU ulitaka wananchi wafundishwe kuilinda nchi yao, na mafunzo ya mgambo yakaenea vijijini na viwandani. Zamani zaidi, enzi za ukoloni, ngoma ya beni pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti ilikwisha kuwazoesha watu wa pwani, na baadaye wa bara, kuigiza gwaride kwa muziki. Wala si sisi peke yetu. Huko Scotland, miaka ya 1790, watu walipohofu kuvamiwa na Wafaransa, wapiga fidla walitunga muziki wa gwaride kwa ajili ya vikosi vya kujitolea vya wilaya zao. Fidla ni jamaa ya zeze. Mgambo wetu hawakuwa hata na zeze. Walipiga ardhi kwa miguu, basi.

Majeshi ya Amin yaliivamia Kagera Oktoba 1978. Baba alikwenda vitani pamoja na rafiki yake wa kijiji kimoja, ambaye ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo katika kikosi chao. Kampala ilianguka Aprili 1979. Baba alirudi, mwenzake hakurudi.

"Mimi nilikuwa mwitikiaji," baba aliniambia jioni ile, bila kuulizwa. "Kuanzisha ilikuwa kazi yake."

Nikamkumbuka marehemu mama, alivyozoea kutwanga huku akivumisha sauti ile ile bila maneno, na kunyamaza mara baba aingiapo uani. Nilidhani ni adabu tu.

Kesho yake vijana walipita tena. Baba alikuwa kizingitini, nami nikasimama nyuma yake. Mwanzishaji alipopaza sauti, nilisikia kiitikio karibu yangu, chini kwa chini. Kalamu niliiacha ndani.