Safari ya Butiama na Kamera Tatu za Mfukoni

Kila msimu wa arusi unapofika na kila likizo inapokaribia, vijana wa nyumba zetu huulizana swali moja: ikiwa mtu ataka kamera ndogo ya kutia mfukoni, achague ipi? Na wazazi wao huwajibu kwa swali jingine: kamera ya nini, na kila mtu ana simu? Maswali yote mawili yana haki ya kujibiwa. Nasi tuliona jawabu lisitafutwe dukani, ambako kila chombo hung'aa. Litafutwe njiani, penye vumbi, jua, giza na watu. Basi tulichukua kamera tatu, tukaongeza na simu moja, tukashika njia ya Mkoa wa Mara, kutoka Musoma hadi Butiama.

Kabla ya kueleza safari, na tuseme machache juu ya asili ya vyombo hivi. Mwaka 1975 mhandisi mmoja wa Kodak huko Marekani, jina lake Steven Sasson, aliunda kamera inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya dijitali, isiyohitaji filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika kanda ya kaseti. Mwaka 2010, yaani miaka 35 baadaye, viwanda vilipeleka sokoni kamera ndogo za dijitali zaidi ya milioni 100 katika mwaka mmoja. Kisha simu zikaja na lenzi zake, na ilipofika mwaka 2023 hesabu ile ilikuwa imeshuka chini ya milioni 2. Kwa hiyo mzazi asemaye kwamba simu yatosha hasemi upuuzi. Watu wengi duniani wamesema kama yeye. Hata hivyo vijana wa nchi nyingi wameanza kuzirudia kamera ndogo, na mwaka 2025 Canon ilirudisha sokoni kamera yake ya mwaka 2016 ikiwa imebadilishwa kidogo tu.

Kamera hiyo ya mwaka 2016 ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika mkoba wetu: Canon IXUS 285 HS, nyepesi kabisa, gramu 147 tu, na lenzi yake huvuta kitu cha mbali mara 12. Ya pili ilikuwa Sony RX100 ya mwaka 2012, gramu 240, ambayo huvuta mara 3 na kitu kidogo. Ya tatu ilikuwa Ricoh GR III ya mwaka 2019, ambayo mwaka 2025 ilifuatwa na GR IV. Hiyo ina gramu 257, haivuti hata kidogo, wala haina taa yake ya mwako. Atakaye mtu aonekane mkubwa katika picha yake hana budi kutembea amkaribie.

Msomaji atauliza: mbona isiyovuta ndiyo nzito? Siri imo katika kipande kidogo kilicho nyuma ya lenzi, kinachopokea nuru, nacho huitwa kihisi. Wauzaji hupenda kutaja megapikseli, lakini katika jambo hilo kamera hizi hazipitani sana: Canon na Sony zina 20 kila moja, na Ricoh ina 24. Zinapopitana ni katika ukubwa wa kihisi. Cha Sony kina eneo mara 4 ya kile cha Canon, na cha Ricoh mara 13. Mfano wake ni sufuria zilizotegwa uani wakati wa mvua: iliyo pana hukusanya maji mengi kwa muda ule ule. Jua likiwa kali, sufuria zote hujaa. Manyunyu yakiwa haba, ndipo tofauti hujulikana.

Asubuhi ya siku ya kwanza tulikuwa Mwigobero, ufukoni mwa mji wa Musoma, ambako mitumbwi huingia na kutoka katika maji ya Ziwa Nyanza. Jua lilikuwa limepanda kiasi cha mkono mmoja, dagaa zimeanikwa, na kila kitu kina nuru ya kutosha. Tulipiga mandhari ile ile kwa kamera zote tatu na kwa simu. Jioni tulipozisafisha picha hizo kwa kipimo cha kadi ya posta na kuzitandaza mezani, wenzetu wawili ambao hawakuwa safarini walishindwa kutambua ipi ilitoka katika chombo gani. Tena mmoja wao aliipenda ya simu kuliko zote, kwa kuwa mbingu yake ilikuwa na rangi zaidi. Kwa hiyo mwenye kupiga picha mchana kweupe, wala hataki kuzikuza sana, asijitie katika gharama.

Kutoka Musoma tulifuata barabara hadi Makutano, penye njia kuu itokayo Mwanza kwenda Sirari, kisha tukaingia njia ya Butiama. Safari nzima haifiki kilomita 50. Nchi ile ni ya vilima na majabali. Mawe makubwa yamepandana juu ya mengine kana kwamba yamepangwa, na katikati yake mna mashamba ya mihogo na mtama. Hapa tulipata funzo la pili. Saa sita za mchana jua la Mara hupiga juu ya kioo cha kamera hata usione unachokipiga. Hakuna hata moja kati ya hizi tatu yenye kitundu cha kuchungulia kwa jicho, na simu nayo hali yake ni hiyo hiyo. Tulikuwa tukikinga kwa kiganja na kukisia. Anunuaye kamera kwa nchi yenye jua kama yetu na aulize jambo hili kabla ya kuuliza rangi yake. Zipo kamera za mfukoni zenye kitundu hicho, kama vile Sony RX100 za kuanzia toleo la tatu la mwaka 2014.

Butiama ni kijiji kilichojulikana duniani kwa sababu ya mtu mmoja. Hapo alizaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na baba yake, Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Hapo alirudi alipokwisha kuuacha urais mwaka 1985, na hapo alizikwa mwezi wa Oktoba 1999 baada ya kufariki London. Kaburi lake liko Mwitongo, kwenye makao ya ukoo wao, na makumbusho yenye jina lake yako hapo hapo Butiama.

Tulipofika makumbushoni tuliomba ruhusa kabla ya kutoa chochote mkobani, na mwenyeji wetu akatueleza wapi pa kupiga na wapi pa kuacha. Tulifanya hivyo hivyo kaburini. Ndani ya vyumba nuru ilikuwa haba, na tulikatazwa kuwasha mwako, jambo ambalo ni la haki, kwa kuwa nuru kali huchosha vitu vya kale. Sufuria ndogo sasa ikajulikana. Picha za Canon zilijaa chembechembe kama zilizonyunyiziwa mchanga, kwani kihisi chake ni kidogo, na lenzi yake hata ikifunguka kabisa huingiza robo tu ya nuru iingizwayo na lenzi ya Sony. Sony ilifanya vyema. Ricoh ilifanya vyema zaidi, hata nyuzi za kitambaa zikahesabika. Ama simu, ilitushangaza: yenyewe hupiga picha nyingi kwa haraka na kuziunganisha ziwe moja, na kitu kisichotikisika kilitoka kizuri. Lakini mtu aliyepita mbele yake alitoka kama kivuli kilichofutwa kwa kidole.

Katika msitu wa Muhunda, ambao wazee wa hapo wameuhifadhi tangu zamani, mambo yaligeuka. Tumbili walikuwa juu ya matawi ya mbali. Ricoh ilituletea miti mizuri yenye nukta moja ya kijivu, na Sony ikaleta kitu chenye mkia. Canon, ile iliyoaibika makumbushoni, ikatuletea uso wa tumbili akitutazama. Hapo tulijua kwamba hakuna kamera ya mfukoni iliyopewa yote. Aliyeipa uwezo wa kuvuta aliipunguzia kihisi, na aliyeipa kihisi kipana aliinyima kuvuta, kwa sababu mfuko una mwisho wake.

Tulipokuwa tukirudi barabarani, tulipita nyumba ya bibi mmoja aliyeketi mlangoni akichambua maharage. Tukamwamkia: "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Na vidude hivyo, mwapiga picha?"

Tukasema ndiyo, kama atatupa ruhusa.

"Nipigeni, lakini mniletee," akasema. "Watu hupita hapa wakanipiga, wakaenda nazo. Mimi sijaona hata moja. Na marehemu babu yenu alipigwa moja tu na mwanangu, kwa simu. Simu ikatumbukia ziwani, na babu akaenda nayo."

Maneno yale yalitunyamazisha. Mzee yule aliishi miaka yote aliyoishi, akapigwa picha moja, nayo haikupata kutoka ndani ya chombo. Chombo chenyewe huenda kilikuwa kizuri, na picha huenda ilikuwa safi. Lakini mkewe hana kitu cha kushika, na wajukuu watakaozaliwa hawatamjua kwa sura.

Tulimpiga kwa kamera zote. Alikuwa kizingitini, jua usoni na giza la chumba nyuma yake. Canon iliwasha mwako wake na kumfanya kama amepakwa unga; tukauzima, tukarudi nyuma, ikampata pamoja na nyumba yote na mwembe wake. Sony ilimpata akicheka. Ricoh ilitulazimu tumsogelee hatua mbili, na kwa hiyo kumwomba mara ya pili, naye akajitengeneza khanga yake kwanza. Uso wake ulitoka na kila mkunjo. Twasema kwamba hii ni fadhila ya lenzi isiyovuta: yamzuia mtu kuiba sura ya mwenziwe kwa mbali.

Siku ya pili yake tulimpelekea picha hizo tatu, tulizozisafisha studio Musoma. Alizitazama kwa muda mrefu, akaichagua ile yenye nyumba na mwembe. "Hapa," akasema, "ataonekana na mahali alipokaa babu." Kumbe picha aliyoipenda ilitoka katika kamera ndogo kuliko zote.

Basi sasa tutoe rai yetu. Mwenye simu nzuri, naye hupiga mchana na kuwatumia jamaa, asinunue kamera. Mwenye kupenda wanyama, ndege, na mtoto wake akicheza mpira uwanjani, atafaidi aina ya Canon hii, mradi asitaraji makubwa usiku. Mwenye kutaka moja ya kila siku, ya arusi, safari na nyumbani, twamshauri aina ya Sony, hata ile ya zamani ikiwa bado nzima; betri yake kwa kipimo cha kiwanda hupiga picha 330, wakati Canon hupiga 180 na Ricoh 200. Tena Sony na Ricoh hujazwa umeme kwa waya kama simu, lakini betri ya Canon hutolewa na kutiwa katika chaja yake. Aisahauye chaja hiyo amesahau kamera. Ricoh ni ya yule apendaye nyuso na nyumba kwa karibu, asiyeona taabu kutembea. Na zote zilindwe na vumbi la njiani, kwani lenzi zinazotoka na kuingia huvuta vumbi ndani, na kulitoa ni kazi ya fundi.

Lakini uchaguzi wa kamera ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo haihitaji fedha nyingi, ndiyo iliyompotea bibi yule. Kila mwezi nyumba na ichague picha chache, izisafishe katika karatasi, nakala mbili mbili. Nyuma yake yaandikwe kwa kalamu majina, mahali na mwaka. Nakala moja ikae nyumbani pakavu, nyingine kwa jamaa wa mji mwingine. Aliyepigwa apewe yake, kwa kuwa sura ni amana, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe. Na picha za ndani ya nyumba, za mama zetu na dada zetu, zisipitishwe mkono kwa mkono katika simu za watu bila idhini yao. Sitara ya nyumba ikivuka mlango hairudi.

Nanyi vijana, mkiipata kamera, wa kwanza kupigwa na awe mzee aliye nyumbani kwenu sasa. Mpigeni penye mlango wake, na picha yake iwe katika karatasi kabla ya wiki kwisha.