Majina Yanapopita

Ngamiani, Tanga, miaka ya 1990, hukukosa banda la video. Letu lilikuwa uani kwa mtu mzima mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mjomba. Unazipita baiskeli zilizoegeshwa ukutani, unampita mama wa mihogo ya kukaanga, unampa kijana wa mlangoni kiingilio, kisha unainama chini ya gunia lililozuia mwanga. Ndani pananukia mafuta ya taa, jasho na pilipili ya mbilimbi. Mabenchi ni ya mbao za mnazi. Ukichelewa, mkeka ndio wako, shingo juu, mbele kabisa ya televisheni ya chogo.

Picha za karate zilikuwa na utaratibu wake. Mkanda ukishamezwa na deki, Mjomba anapeleka mbele. Majina yanakimbia na michirizi myeupe mpaka steringi atokee. Hakuna aliyelalamika. Lakini usiku wa picha ya kutisha, watoto wadogo wakishafukuzwa, Mjomba alisimama ukutani akakunja mikono.

“Leo majina tunayaangalia,” alisema. “Na wewe wa karanga, tafuna polepole.”

Ndivyo tulivyoiona Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978. Kioo cheusi tii. Kushoto, boga lililochongwa macho, pua na meno, moto ukichezacheza ndani yake. Kulia, majina ya rangi ya machungwa yanakuja na kuondoka. Sisi boga tulilijua la kupikwa kwa nazi wakati wa futari. Hili lilikuwa linatutazama. Likawa linasogea, taratibu mno, hadi jicho moja likakijaza kioo. Na kinanda kinagonga noti zile zile bila kupumzika. Baadaye nilisoma kwamba Carpenter mwenyewe ndiye aliyeutunga muziki ule, kwa mapigo matano badala ya manne tuliyoyazoea. Nikaelewa kwa nini mguu wangu, uliokuwa ukiufuata muziki kwenye sakafu ya udongo, haukupata pa kutua.

The Shining ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1980, ilitupata kwa njia nyingine kabisa. Mchana kweupe! Ziwa limetulia, milima, na Volkswagen ndogo ya manjano inapanda barabara ya Montana, Marekani, huku helikopta yenye kamera ikiiandama kwa juu. Majina ya samawati yanapanda taratibu. Hakuna damu, hakuna mzuka. Lakini muziki wa Wendy Carlos na Rachel Elkind, uliojengwa juu ya wimbo wa kale wa kanisani kuhusu siku ya kiama, ulinguruma kwenye spika za Mjomba mpaka bati likatetemeka.

“Huyo anakwenda wapi peke yake?” sauti ya mwanamke iliuliza gizani. Hakujibiwa. Hata taarabu ya redio ya jirani niliacha kuisikia.

Ninavyoona mimi, picha ya kutisha iliyotengenezwa na fundi hukukamata hapo, kabla hajafa mtu. Yanayofuata hukukuta umeshakwisha kuogopa. Siku hizi runinga na simu zina kitufe cha kuruka mwanzo. Kwenye vichekesho kibonyeze utakavyo. Kwenye picha ya kutisha, tafadhali, kiache.