Springi Zirudishazo Throto

Watu wengi wa huku kwetu Kericho na Bomet huipima motokaa kwa nguvu zake za kupanda. Mtu akitaka kununua gari kuukuu hulipeleka mlimani, husikiliza mngurumo wake, kisha hutoa fedha. Ni wachache mno waulizao kama injini hiyo hutulia mara dereva anapoondoa mguu, hali nchi yetu ya chai ni nchi ya vilima, na kila apandaye hana budi kushuka. Sote tunakumbuka jioni ya tarehe 30 Juni 2023 pale makutano ya Londiani, lori lilipopoteza njia na watu zaidi ya 50 wakafa. Sisemi msiba ule ulitokana na jambo nitakalolieleza leo. Nasema tu kwamba mtu wa Kericho hahitaji kufundishwa maana ya gari lisilozuilika.

Hewa huingia katika injini ya petroli kwa kupitia tundu la duara. Ndani ya tundu hilo mna kibati mfano wa sarafu, kimefungwa juu ya shafti nyembamba. Ukikanyaga eksileta, kebo huvuta mkono ulio mwishoni mwa shafti, kibati hufunguka, hewa nyingi hupita, na injini huongeza mbio. Lakini kebo hujua kuvuta tu, haijui kusukuma. Kinachokirudisha kibati mahali pake ni springi iliyozungushwa juu ya shafti. Ndivyo ilivyokuwa katika kabureta za zamani, ndivyo ilivyo katika throto za magari ya miaka ya 1990, na hata magari ya sasa yasiyo na kebo, yanayoendeshwa kwa umeme na kompyuta, bado yanazo springi za kurudishia.

Gari letu la nyumbani ni dogo, la Kijapani, la miaka hiyo ya 1990. Mwezi mmoja tu baada ya kulinunua, binti yangu alikuwa akishuka nalo katika mteremko mmoja upande wa Litein, na wajukuu wangu wawili wameketi nyuma. Akaondoa mguu kwenye eksileta, na injini, badala ya kupoa, ikavuma kwa nguvu zake zote. Binti alikanyaga klachi, akatia nyutro, akakanyaga breki mara moja kwa nguvu na kuishikilia, kisha akarudisha ufunguo nyuma hatua moja tu. Gari likasimama kando ya mfereji wa shamba la chai. Wachumaji waliokuwa karibu walitua vikapu, wakaja kutazama.

Yafaa niseme kwa nini alifanya hivyo, maana mambo haya hayafundishwi sana. Breki za magari haya husaidiwa na uvutaji wa hewa ndani ya injini. Throto ikiwa wazi kabisa, uvutaji ule hupotea, na msaada uliobakia hutosha kukanyaga mara chache tu. Apigapiga breki huumaliza, na mara pedali huwa ngumu kama jiwe. Tena asiuchomoe ufunguo, kwa kuwa usukani hujifunga naye yumo mwendoni.

Mtoto wa marehemu ndugu yangu, ambaye ni fundi, alikuja Jumamosi. Tulipoifungua throto tukaona springi moja tu, nayo ncha yake imeteleza kutoka katika kipingo chake. Palikuwa na nafasi ya springi ya pili, tena tupu. Baadaye mke wangu, akitafuta risiti ya bima katika kisanduku cha dashibodi, alikuta kipande cha gazeti kimekunjwa vizuri, na ndani yake springi ile iliyokosekana. Fundi fulani, zamani kabla ya gari kuwa letu, alimaliza kazi yake akabakiwa na kitu mkononi, akamrudishia mwenye gari kama chenji ya dukani. Sijui ni nani, wala sitaki kujua.

Springi mbili si anasa. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1973 hudai pawe na nguvu zisizopungua mbili za kurudisha throto, ili moja ikikatika nyingine itende kazi. Na kwa magari madogo throto irudi katika muda usiozidi sekunde moja.

Basi tukaijenga upya. Sili za shafti zilikuwa zimeliwa na vumbi la barabara za murram, zikavujisha hewa, nasi tukatia mpya. Skrubu mbili zinazoshika kibati hupondwa ncha zake kiwandani, zisije zikalegea na kumezwa na injini. Kwa hiyo tulizipiga tupa kabla ya kuzifungua, na wakati wa kurudisha tukatumia mpya zenye gundi ya nyuzi. Kibati chenyewe hakikazwi ovyo. Kwanza hufungwa ndani ya tundu, kikaachwa kijitafutie katikati, ndipo skrubu zikazwe. Na lazima kiegemee skrubu ya kikomo, si ukuta wa tundu, ama sivyo kitakwama humo.

Springi ndizo zilizotuchukua mchana mzima. Ile iliyobaki, kijana aliiachia polepole huku akihesabu mzunguko wake, akachora kwenye karatasi kila ncha ilikoshika. Ya ndani hutangulia, hufuata bushi ya plastiki, kisha ya nje. Bushi ikisahauliwa, springi husuguana na kulana. Ncha moja hushika kipingo cha mwili wa throto, ya pili hushika mkono, lakini si kabla ya kuukaza mkono kwa kuuzungusha, maana springi isiyokazwa hufunga nusu tu.

Hapo tukabishana. “Baba,” akaniambia, “tuongeze mzunguko mmoja, usalama uzidi.” Mimi nilikataa. Springi kali kupita kiasi huifanya pedali kuwa nzito na kuila kebo mapema, tena huku juu, karibu meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na dereva hukanyaga eksileta zaidi kuliko mtu wa Mombasa. Tukafuata kipimo cha mchoro. Kisha tukaondoa springi moja kwa makusudi, tukafungua kibati na kukiachia: kikarudi kwa kishindo kidogo. Tukairudisha hiyo, tukaondoa ya pili, kikarudi vile vile. Jaribio hili halihitaji chombo chochote, nami ningependa kila anunuaye gari kuukuu alidai, injini ikiwa imezimwa.

Kijana wangu hupenda kusimulia habari za Joginder Singh, aliyezaliwa hapa Kericho mwaka 1932, akashinda mashindano ya Safari mwaka 1965 kwa Volvo pamoja na ndugu yake Jaswant, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Watu husifu mbio zake. Mimi husifu kwamba alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa mashindano.

Imebaki kebo. Nyuzi zake mbili zimekwisha kukatika karibu na pedali, na nyuzi zilizokatika hukwama ndani ya ala yake hata springi ziwe nzima namna gani. Mpya imeagizwa Nakuru. Mpaka ifike, wajukuu wanakwenda shuleni kwa miguu, nao wamenung’unika siku tatu sasa.