Likizo ya Aprili: Twende Jumba la Mtwana

Shule zifungwapo Aprili, kina mama wa hapa Tononoka hutuuliza: watoto tuwapeleke wapi? Wengi hutaja Diani. Hatuna neno na Diani, lakini kuvuka feri ya Likoni na watoto wanne na kapu la chakula ni kazi, na huko ufukweni mama mwenye buibui huishia kulinda mikoba. Lamu ni pazuri zaidi, ila nauli ya watu sita si ya kila baba.

Sisi twapendekeza Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa. Ni mji wa wazee wetu wa karne ya 14 na 15, magofu ya mawe ya matumbawe kati ya mibuyu, nayo bahari i papo hapo. Penye msikiti wa ufuoni pana kaburi lililochorwa aya za Qur'ani. Mwana wa chuoni na ajaribu kuzisoma mwenyewe, kwa sauti, ajue kuwa herufi zake si za ubaoni tu.

Aprili ni masika, basi tokeni asubuhi. Chukueni mkeka na maji ya kutosha, ya kunywa na ya kutawadhia. Mkisha kusali adhuhuri na kula, waacheni watoto wakimbie, mradi wasipande kuta.